Ubao Ulio Ndani ya Geti

Dada yangu alifukuzwa kazi kwa sababu mimi nilimshtaki. Nalisema hili mapema ili usije ukalisikia mtaani limeshaongezwa chumvi. Nilimshtaki mwenyewe, kwa mwandiko wangu, na baada yangu wakafuata wengine kumi na watatu. Sote kumi na wanne tukikutana naye barabarani leo tunampa mkono kwa heshima na kumuulizia hali ya miguu yake. Ujumbe wa Kulinda Amani ulikaa nchini kwetu miaka tisa, na katika ripoti yao ya kufunga kazi, kwenye sehemu ya uwajibikaji, ametajwa mtu mmoja tu aliyechukuliwa hatua. Ndiye huyo. Si jenerali, si nahodha, si askari wa kizuizi cha barabarani. Ni karani wa masjala, mama wa watoto watatu, ambaye miguu yake huvimba akikaa sana.

Ngoja kwanza nikueleze huyo mtu ni nani, maana bila kumjua huwezi kuelewa tulifikaje huko.

Mama alituacha mimi nikiwa na miaka tisa, dada ana ishirini. Baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Dada akanilea kwa ratiba. Aliichora kwa rula, akaibandika nyuma ya mlango: siku ya kufua, siku ya kusugua masufuria, saa ya kulala. Kila nikimaliza kazi naweka sahihi, naye anaweka yake pembeni kuthibitisha. Mtoto wa miaka tisa, sahihi nimeitoa wapi? Nikawa nachora kijiti. Siku moja nikachora kijiti kabla ya kuosha vyombo, akaja akavikuta na ukoko wake. Hakunipiga. Aliniambia tu, "Bora ungeacha tupu, ningejua hujaosha." Nilinuna siku nzima.

Mtaani walimwita Bi Kanuni. Akifika zahanati asikute mtu hata mmoja, bado atachukua kile kibao cha namba na kukaa nacho mapajani mpaka muuguzi amwite. Shemeji, yaani mume wake, alipenda kusimulia kwamba barua yake ya posa ilirudishwa kwa sababu haikuwa na tarehe. Tulikuwa tunacheka, na dada anacheka na sisi, ila barua ile ilirudishwa kweli.

Mtu wa namna hiyo ukimpa masjala umempa pepo. Ujumbe ulipofungua ofisi ya malalamiko ya wananchi, walimchukua yeye. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido: meza moja, mashine ya kutoboa karatasi, mhuri, na makabati manne ya chuma. Mwananchi aliyeonewa na askari wa Ujumbe, labda amegongwa na gari lao, labda amepigwa, labda amefiwa, alipeleka lalamiko lake kwenye kidirisha cha getini. Pale anapewa kikaratasi chenye namba. Jina lake linatiwa kwenye bahasha, linafungiwa kwa afisa wa sheria. Jalada linakuja kwa dada likiwa limefungwa kwa utepe na lakiri, juu lina namba tu.

Utaratibu huo haukuwa wa kipuuzi, nikiri. Mwaka wa kwanza jina la mlalamikaji mmoja lilivuja, na wiki iliyofuata nyumba yake ikachomwa moto. Tangu hapo ikawa namba tupu. Mlalamikaji anaambiwa asimtajie mtu yeyote namba yake, hata ndugu wa tumbo moja.

Afisa wa sheria akitaka kumsikiliza mtu, anamletea dada kikaratasi: namba fulani, aitwe. Dada anachapa wito, anaupiga mhuri, anaubandika kwenye ubao wa matangazo ukumbini, halafu anaweka sahihi kwenye cheti: *Ninathibitisha kwamba wito huu umebandikwa mahali pa wazi ambapo mlalamikaji anaweza kuuona.* Baada ya siku thelathini, wito wa pili. Baada ya thelathini nyingine, wa tatu na wa mwisho. Asipotokea, jalada linafungwa. Na wito haubanduliwi ubaoni hata ukichakaa, mpaka Ujumbe uondoke. Kanuni ilisema hivyo, na dada alikuwa anapitisha kitambaa kila Ijumaa kufuta vumbi.

Sasa nije kwangu.

Mume wangu alikuwa fundi bomba. Miaka sita kabla ya haya mambo, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, alitoka na bomba begani kwenda kutengeneza pampu ya shule. Kwenye kizuizi cha Ujumbe karibu na daraja walimpiga risasi. Jioni yake akaja afisa mmoja na mkalimani, wakasimama mlangoni kwangu bila kukaa, wakasema wanasikitika, lakini marehemu alikuwa amebeba kitu mfano wa silaha, aliamriwa kusimama, akakaidi amri.

Akakaidi amri. Maneno mawili hayo yaliingia nyumbani kwangu yakakaa. Mama mkwe aliyapokea msibani palepale: "Mwanangu alikuwa mbishi tangu mdogo, nilimwambia ubishi utamponza." Alisema kwa uchungu, simlaumu, lakini alisema. Majirani nao wakawa wanasimulia, mtu akiamriwa na mwenye bunduki anasimama, sasa yeye alifikiri nini? Na binti yangu, aliyekuwa na miaka minne baba yake alipokufa, alipofika darasa la pili aliniuliza tunakula, "Mama, kwa nini baba hakusimama?" Kama ananilaumu mimi. Kama baba yake alikuwa na njia mbili, ya kurudi nyumbani na ya kutorudi, akachagua.

Mimi niliishi na yule mwanamume miaka kumi na moja. Mbwa akibweka alikuwa anasimama. Nilitaka mtu mmoja, hata mmoja, aniambie kilichotokea pale kizuizini, alisimama au hakusimama. Basi. Fidia sikuiandika hata kwenye lalamiko.

Nilipopewa kikaratasi changu cha namba nilikimbilia kwa dada. Kabla sijakaa akanyoosha mkono kunizuia.

"Usinitajie namba yako."

"Dada, ni mimi."

"Ndiyo maana. Nikijua jalada lako ni lipi, lazima niandike kwamba lina ndugu yangu. Nikiandika, watalitoa masjala, watalipeleka makao makuu ng'ambo, na huko halitarudi. Ukinipenda, nyamaza."

Nikanyamaza. Miaka sita nilinyamaza, mimi ambaye shuleni walinipa adhabu ya kuongea hadi walimu wakachoka.

Kila Jumatatu nilikwenda getini. Nje ya ukuta kulikuwa na ubao mkubwa wenye kioo, na mimi nikadhani ndio huo wa wito. Nilisoma kila kilichowahi kubandikwa pale: nawa mikono kwa sabuni, nafasi ya kazi ya dereva, usiguse vyuma vilivyofukiwa ardhini, nafasi ya kazi ya dereva tena. Namba yangu hata siku moja. Nikimuuliza mlinzi, tunazungushana.

"Una wito?"

"Bado. Ndio nauliza."

"Bila wito huwezi kupata pasi."

"Wito naupata wapi?"

"Unabandikwa. Ukiuona, njoo nao tukupe pasi."

Nikarudi nyumbani, nikamwambia dada kwa juu juu tu, nisivunje miiko yake, kwamba mambo yanachelewa. Naye akanijibu, huku ananipakulia, neno ambalo lilinikaa kooni baadaye kuliko chakula chochote. Alisema, "Tatizo ni watu wetu, mdogo wangu. Wanalalamika, wanaitwa, hawaji. Nabandika, nabandika, hakuna anayetokea. Wanaogopa, au ni uvivu, sijui. Wewe usiwe kama wao. Ukiitwa, nenda."

Nikamwambia nitakwenda.

Sasa Ujumbe ukatangaza kwamba unafunga kazi. Zilikuwa zimebaki siku thelathini. Wakaandaa kitu walichokiita Siku ya Milango Wazi, wananchi waingie wajionee kazi iliyofanyika. Walifunga maturubai, wakapanga viti vyenye vitambaa vyeupe, wakagawa maji ya chupa na vijitabu vya rangi vilivyoandikwa *Uwazi na Uwajibikaji*. Kwa mara ya kwanza nikapita lile geti, nimevaa gauni langu la heshima. Kiongozi mmoja akasimama kwenye kipaza sauti akasema Ujumbe ulipokea malalamiko mia mbili arobaini na matatu, na yote, asilimia mia, yameshughulikiwa na kukamilishwa. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga. Nilipiga kama mwehu, halafu katikati ya makofi mikono ikapoa. Nikajiuliza, na langu?

Wakatugawa makundi ya kutembezwa ofisini. Kundi letu lilifika ukumbi wa ndani, na nikamwona dada yangu. Alikuwa amesuka upya, amevaa kitambulisho shingoni, uso unang'aa. Aliniona, akajifanya hanijui vizuri, kikazi. Akaanza kueleza utaratibu wa namba, wa bahasha, wa lakiri, kwa ile sauti aliyokuwa ananisomea ratiba. Kisha akasogea pembeni akasema, "Na huu ndio ubao wetu wa wito."

Ubao ulianzia usawa wa kiuno mpaka karibu na dari. Karatasi mamia, nyingine zimegeuka manjano, hazina vumbi. Nikaanza kusoma kama nilivyozoea kusoma ule wa nje, kutoka juu kushoto. Safu ya nne nikaona: *Namba 117. Wito wa kwanza.* Chini yake, *Wito wa pili.* Chini yake, *Wito wa tatu na wa mwisho*, na tarehe ya miaka mitano iliyopita.

Nikatoa kikaratasi changu kwenye pochi, ingawa namba ile naijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa, nikakilinganisha na ukuta. Tarakimu moja moja. Masikio yakaziba. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ananiomba nisogee apite, naona midomo yake tu.

"Dada," nikasema, "hii mia na kumi na saba ni ya kwangu."

Unajua alifanya nini? Aliziba masikio. Bi Kanuni, mbele ya wageni, alipeleka viganja masikioni akasema, "Usitaje namba, tafadhali, usitaje namba." Halafu viganja vikashuka polepole. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akautazama mlango tulioingilia.

"Hukuja," akaniambia. "Kwa nini hukuja?"

"Ningeuona wapi? Mimi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia humu."

"Wananchi wanaingia. Kuna viti vya wageni hapo."

"Dada, bila pasi huingii. Pasi hupewi bila wito. Na wito uko humu ndani."

Mlinzi aliyetuongoza alikuwa kijana mwenye adabu, akajibu kabla hajajua anajibu nini. Alisema agizo la kutoingiza raia bila pasi lilitoka mwaka wa pili, baada ya geti kushambuliwa. Walipewa walinzi wote. Dada akamuuliza, masjala walipewa? Akasema hilo hajui. Dada alikuwa anaingilia mlango wa wafanyakazi, upande wa pili, miaka yote. Wale aliokuwa anawaona kwenye viti vya wageni walikuwa wauza vifaa na waandishi wa habari, yeye akidhani ni walalamikaji wa majalada mengine.

Dada alishika ukingo wa ubao. Kisha akauliza kundi zima, kwa sauti ndogo, "Kuna mwingine mwenye namba?"

Pochi zikafunguka. Mzee mmoja akatoa kikaratasi kwenye soksi. Mwanamke aliyetaka kupita alikuwa nacho ndani ya kifuko cha plastiki, kimefungwa na uzi. Tulikuwa kumi na wanne ukumbini pale, na namba zote kumi na nne zilikuwa ubaoni, mara tatu tatu, zimepigwa mhuri. Tulikuwa tunatazamana tu kama watu waliokutana uchi.

Alikuwepo mkaguzi kutoka makao makuu, aliyeletwa kusimamia makabidhiano. Dada alitupeleka kwake siku ileile, wote kumi na wanne. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, anaongea lugha yetu kwa kuiokoteza. Akasikiliza, akapekua daftari, akasema vyeti vyote viko sawa. Wito ulibandikwa mahali pa wazi, kuna sahihi. Kwa hiyo majalada yamefungwa kihalali. Baada ya wiki tatu makabati yanapakiwa kwenye kontena, yanakwenda makao makuu, yanafungiwa miaka thelathini.

"Tunaweza kuyasoma kabla hayajaondoka?" nikamuuliza.

"Mlalamikaji hana haki ya kusoma jalada," akasema. Nadhani aliona aibu, maana aliangalia viatu vyake.

Miaka thelathini. Nilipiga hesabu umri wangu, wa mama mkwe, wa binti yangu. Nikatoka pale, na hasira zangu zote nikamshushia dada njiani. Nilimwambia maneno ambayo nisingependa kuyarudia. Nilimwambia watu wetu si wavivu. Nilimwambia alikuwa anapangusa vumbi kwenye kifo cha mume wangu kila Ijumaa. Alitembea tu pembeni yangu na ile miguu yake.

Siku mbili hakutoka nyumbani. Shemeji akanipigia kusema dada hali chakula, hasemi, anasoma kitabu cha kanuni za Ujumbe toka mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu, mchana, akaja kwangu. Alikuwa na kile kitabu na fomu moja tupu. Akaviweka mezani.

"Nishtaki," akasema.

"Nini?"

"Jaza hii. Mimi, karani wa masjala, nilithibitisha kwamba umeitwa mahali unapoweza kuona, na haikuwa kweli. Weka sahihi yako hapa chini."

Nilidhani mshtuko umemwingia kichwani. Nikamwambia akae, nikamletea maji. Akayasukuma pembeni, akafungua kitabu kwenye kanuni ya arobaini na moja, akaanza kunisomea huku kidole kinapita chini ya mstari. Mfanyakazi akishtakiwa na mwananchi kwa kosa linalohusu jalada, mfanyakazi huyo ana haki ya kulifungua na kulisoma jalada lote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti, mbele ya aliyemshtaki, kabla ya kujibu lolote.

"Wewe mlalamikaji huna haki," akasema. "Mimi mshtakiwa ninayo."

Niliisoma mwenyewe mara tatu nikitafuta mahali alipokosea. Hakukosea, huyu mtu hajawahi kukosea kanuni.

"Watakufukuza."

"Watanifukuza."

"Bila barua ya utumishi. Nani atakuajiri?"

"Sijui."

"Basi mimi sisaini. Siwezi kukusingizia, dada. Umenilea."

Hapo ndipo alipokasirika, na dada yangu akikasirika anashusha sauti. "Sikuombi unisingizie. Nimeweka sahihi mara mia saba ishirini na tisa kwamba watu wameitwa. Hawakuitwa. Miaka saba ubao uko nyuma ya geti lililofungwa, na mimi sikutoka nje hata siku moja kuuona kama mnavyouona ninyi. Niliona rahisi kusema hamji. Hilo ni kosa langu, na ni la kweli. Andika."

Niliandika. Nililia juu ya fomu mpaka wino ukasambaa, akanipa nyingine, maana fomu ikiwa na madoa haipokelewi.

Shauri likawekwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu. Safari hii nilipewa pasi mara moja, mshtaki wa mfanyakazi anapewa. Alikaa mkaguzi, akakaa afisa wa sheria na kalamu tatu mbele yake, na dada akakaa upande wa pili peke yake. Mkaguzi akasoma shtaka. Akamuuliza kama anakiri. Nilimwona afisa wa sheria ameshaanza kuandika neno la kukiri kabla halijatoka.

"Kabla sijajibu," dada akasema, "naomba jalada, kwa kanuni ya arobaini na moja."

Kalamu ikasimama. Afisa wa sheria akasema kanuni hiyo haijawahi kutumika. Dada akasema ndiyo, haijawahi, na pia haijawahi kufutwa. Akataja ukurasa. Wakafungua kitabu chao, wakanong'ona kwa lugha yao, afisa akatoka, akakaa sana, akarudi uso umebadilika. Mkaguzi akamwambia kitu kifupi. Jalada likaletwa.

Lilikuwa jembamba. Sijui nilitegemea nini, labda gunia la karatasi. Miaka yote sita lilikuwa kwenye kabati la pili, hatua nne kutoka kwenye kiti cha dada, na yeye hakuruhusiwa kugusa ule utepe. Sasa akaukata. Akavaa miwani.

Ukurasa wa kwanza lalamiko langu. Wa pili, wa tatu na wa nne ni vyeti, vilivyotiwa humo na afisa wa sheria, na chini ya kila kimoja sahihi yake nzuri iliyonyooka. Alivisoma vyote vitatu kwa sauti, neno kwa neno, hakuruka jina lake. Ukurasa wa tano ni barua ya nahodha: marehemu alikaidi amri ya kusimama, askari alifuata taratibu, hakuna hatua zaidi. Nikafumba macho. Nikajua ndio basi, tumekuja kusikia kilekile.

"Kuna wa sita," dada akasema.

Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa mkono kwa lugha ya yule askari, na chini yake mkalimani wa wakati ule ameiweka katika lugha yetu. Tarehe yake ni Jumatano ileile, saa nane mchana. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa nahodha: *Isiambatanishwe kwenye ripoti.* Dada alisoma hayo maneno mekundu kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyotangulia. Kisha akaendelea.

*Mimi nilikuwa zamu kwenye kizuizi. Mtu alikuja kwa miguu amebeba bomba begani. Nilimwambia asimame. Alisimama. Nilimwambia aweke chini alichobeba. Aliweka chini, akainua mikono. Nyuma yangu tairi la lori likapasuka, nikashtuka, nikafyatua. Huyu mtu hakukosea chochote. Naomba familia yake iambiwe hivyo.*

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, sikumbuki niliiweka saa ngapi.

"Rudia," nikamwambia dada.

"Yote?"

"Pale tu. Aliposimama."

"Nilimwambia asimame. Alisimama."

"Tena."

Akarudia. Nikamwomba tena, na mara ya nne sauti ikamkatika katikati, akavua miwani, akashindwa. Mkaguzi akanyoosha mkono juu ya meza ndefu, akaichukua ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, na kwa lugha yetu anayoiokoteza, pole pole, akanisomea yeye.

"Nilimwambia asimame," akasema. "Alisimama."